Kilomita Elfu Kumi na Nne za Kusindikizana

Wastaafu wenzangu wa kijiwe cha kahawa, maswali yenu nimeyapata, na yamenichosha. Tangu nirudi sijamaliza kikombe kimoja kwa amani. Mmoja anauliza kama ni kweli niliwekwa ndani na watu wa uhamiaji. Mwingine kasikia nilitoroka na bibi kizee. Lameck naye, ambaye hajawahi kupanda ndege lakini ana maoni juu ya kila rubani, anatangaza kwamba mwalimu wa jiografia alipotea njia. Haya, nayaandika yote mara moja. Someni, mridhike, mniachie kahawa yangu.

Habari za pasi na viza naziruka. Zilinichosha zilipotokea, sina haja ya kuchoka nazo tena kwa kuzisimulia.

Kabla ya kuondoka: uzi na tufe

Dada yangu Eliza wa Chang'ombe, hii ya kwetu Dodoma, mnamjua. Binti yake wa pekee, Tabitha, ni muuguzi huko Edmonton, Kanada, na hukohuko ndiko alikopata mchumba, kijana wa watu aitwaye Daniel. Baba yake Tabitha alitutoka zamani. Eliza mwenyewe miguu imemvimba, daktari kamkataza safari ndefu za ndege, na hata uani kwake anatembea kwa kushika ukuta. Basi siku moja akaniita, akaniketisha, akaniwekea mapajani doti moja ya kanga.

"Amosi," akasema, "baba yake hayupo. Mimi miguu yangu ndiyo hii unayoiona. Mwanangu asiingie kanisani peke yake kama mtoto wa kuokotwa. Wewe ndiye mjomba. Umfikishe."

"Nitamfikisha, dada."

"Umfikishe kwa mkono wako. Usije ukaniambia mambo ya simu."

Nikaapa. Safari yote ilikuwa ni hiyo tu, mengine yote yalikuwa njiani.

Tabitha alitaka niende wiki nzima kabla. Nikakataa. Zabibu zangu za shamba la Mpunguzi zilikuwa zimeiva, na zabibu ikiiva huwezi kuiambia isubiri harusi ya mtu. Halafu jamani, mimi nimefundisha jiografia tangu enzi za kuchora ramani ubaoni kwa chaki. Nani wa kunitisha na umbali? Nilichukua tufe langu la zamani, lile ambalo Bahari ya Hindi imebanduka, nikashikilia uzi kwenye Dodoma, nikauvuta mpaka Edmonton, nikapiga hesabu. Kilomita elfu kumi na nne na ushee. Mwanangu Yona akafungua simu yake. Kumbe siku hizi unaandika majina ya viwanja viwili tu, unapewa umbali na muda wa kuruka. Elfu kumi na nne na ushee, saa kumi na saba na ushee. Nilijiona kama mwanafunzi aliyepata zote. Jioni ile kila aliyepita nje ya nyumba yangu alionyeshwa uzi.

Nikampigia Tabitha. "Harusi si Jumamosi mchana? Nikiondoka Alhamisi, Ijumaa nipo kwako. Naoga, nalala, naamka mjomba kamili."

"Mjomba, hizo saa kumi na saba ni za ndege inayotoka Dodoma mpaka huku bila kutua."

"Ndiyo."

"Hiyo ndege haipo, Mjomba."

Watoto wa siku hizi! Umemfundisha mwenyewe kusoma ramani, kesho anakukosoa. Nikamwambia atulie, apambe kanisa, umbali aniachie mimi.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Kutoka kwangu, mtaani Kikuyu, hadi uwanja wa ndege ni pua na mdomo, kwa hiyo ukoo wote ulikuja kunisindikiza. Wengine walikuja kwa bajaji, wengine kwa pikipiki, na shangazi zangu kutoka Bahi walikuwa wamefika tangu jana yake na kuku wawili hai, ambao nilishindwa kuwaeleza kwa nini haiwezekani. Mchungaji aliombwa afunge kwa sala fupi. Mnamfahamu mchungaji wetu. Aliiombea ndege, akawaombea marubani, akaombea mbawa moja moja, akahamia kwa mawingu. Mimi nilikuwa nimefumba jicho moja, lingine liko mlangoni, naona abiria wenzangu wanaingia.

Alipotamka "Amina" nilikimbia, wala sikumaliza kupeana mikono. Nimefika ndani natweta, natangaziwa kwamba ndege bado iko Dar es Salaam, huko kunanyesha.

Basi nikakaa. Sasa, kwetu huwezi kumsindikiza mtu ukaondoka kabla hajaondoka. Ukoo wangu uliketi nje, upande wa pili wa ukuta, ukasubiri. Kila baada ya muda kidogo simu inaita.

"Mjomba, bado upo?"

"Nipo."

"Na sisi tupo."

Tukawa tunaongea kwa simu, mimi na watu ambao nikikohoa wananisikia bila simu. Baadaye wakaniuliza kama lile kapu la chapati nililolisahau nje nalihitaji. Nikasema hapana. Nikasikia wanashukuru kwa mdomo uliojaa.

Eliza hakuja uwanjani kwa sababu ya miguu. Alinipigia mara moja tu. "Kanga umeiweka wapi?"

"Kwenye mkoba wa mkononi."

"Suti?"

"Kwenye sanduku kubwa."

"Haya. Suti ikipotea hakuna shida. Kanga isipotee." Kumbe mdomo wa huyu mama una unabii.

Dar es Salaam hadi Amsterdam

Kwenye ndege kubwa nilipangiwa kiti kando ya mama mtu mzima sana, amejitanda ushungi mweupe, amekumbatia kikapu kama vile kuna mtu amekitolea macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi wewe?"

"Dodoma."

"Mimi wa Kondoa. Basi ni jirani, kwenu tunapita kila tukienda mjini." Akasogeza kikapu kunipa nafasi ya miguu, na undugu ukawa umekamilika. Jina lake Bibi Zaina. Alikuwa anakwenda Oslo kwa binti yake, ambaye hajamwona miaka mingi.

Chakula kilipokuja aliinua kifuniko, akakirudisha taratibu. "Hii nyama imechinjwa na nani?" Nikamwuliza mhudumu. Mhudumu akasema atakwenda kuuliza, na mpaka leo anauliza. Bibi akafungua kikapu chake: kuku wa kukaanga aliyefungwa kwenye kitambaa, maandazi na karanga za kwao. Akaweka nusu mbele yangu bila kuniuliza. Ile sahani ya watu niliirudisha na kifuniko chake. Karanga zile, jamani! Mzungu wa dirishani alivumilia harufu ya kuku kwa muda, akashindwa, akapewa paja.

Kwenye kioo cha mbele palikuwa na ramani na kindege kidogo kinachosogea, na chini yake umbali uliobaki. Mnanijua. Sikutazama filamu hata moja. Bibi naye akawa anakitazama.

"Kile kidude ndiyo sisi?"

"Ndiyo sisi, bibi."

"Mbona hakiendi?"

"Kinaenda. Sasa hivi tupo juu ya Sudani."

Akatazama dirishani, giza tupu. "Nani kakwambia?" Nikamweleza habari za uzi na tufe, Dodoma mpaka Edmonton, saa kumi na saba. Akanisikiliza kwa heshima zote. "Sasa mwanangu," akasema, "huo uzi wako ulitua wapi kula?"

Nikajifanya nimesinzia.

Amsterdam hadi Amsterdam

Hapa ndipo Lameck anaposema nilipotea. Sikupotea. Nilijua nilipo muda wote, na hilo ndilo linalouma.

Tulitua asubuhi. Mlangoni alisimama binti wa uwanja na kiti cha magurudumu, ameshika karatasi yenye jina la Bibi Zaina. Binti yake wa Oslo ndiye aliyekuwa ameomba msaada huo. Bibi alikitazama kiti kuanzia juu mpaka chini.

"Mwambie nimepanda ndege kwa miguu yangu na nitashuka kwa miguu yangu. Nikikaa humo, mwanangu ataambiwa mama yako kafika hoi."

Nikatafsiri. Yule binti akasema mlango wa ndege ya Oslo uko mbali. Akaniuliza, "Wewe ni ndugu yake?"

Umekula kuku wa mtu usiku kucha, utasema nini? "Ndiyo," nikasema. "Nitamsindikiza mimi."

Ndege yangu ya Edmonton ilikuwa bado ina nafasi ya kutosha, haki ya Mungu. Tukaenda mwendo wa Bibi Zaina, yaani mwendo wa mtu anayesoma kila duka. Alisimama kwenye maua, kumbe wanauza na vitunguu vyake. Alisimama kwenye njia inayojisogeza yenyewe, akakataa kuikanyaga, tukapita pembeni huku watu waliosimama wanatupita. Tukafika. Nikamkabidhi kwa wahudumu wa ndege yake, nikainama kumuaga.

"Unaondoka peke yako?" akaniuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Haiwezekani. Umenileta mpaka hapa, nami nikuache uende hivihivi kama tumegombana? Twende, nikusindikize kidogo."

Nilikataa. Nilikataa vizuri kabisa, kwa adabu, kama tunavyokataa sisi, yaani nilikataa huku nimeshampisha njia. Akanisindikiza mpaka kwenye maua. "Basi, nimefika," akasema, "nenda salama." Nikapiga hatua mbili, nikageuka. Nikamwona kikongwe wa Kondoa, na kikapu chake, katikati ya watu wanaokimbia huku na huku, anaangalia mabango yasiyo na neno moja la Kiswahili. Niambieni nyinyi wenyewe mngefanyaje. Nikarudi. Nikamrudisha mpaka mlangoni kwake, nikamketisha. Akaanza tena kuinuka.

"Bibi, tafadhali!"

"Mpaka pale kwenye nguzo tu."

Tulikwenda mpaka kwenye nguzo. Kutoka kwenye nguzo ilibidi nimrudishe. Nilikaa naye mpaka alipoingia kwenye ndege, safari hii nimemshika mkono asije akanisindikiza tena. Akaniombea dua ndefu, nikaitikia amina, ndipo nikatazama saa ya ukutani.

Nimekimbia, mimi na umri huu, na mkoba unanipiga mgongoni. Nikafika mlango umefungwa. Ndege ipo pale nje, naiona kwa kioo, inarudi nyuma polepole. Dada wa mlangoni akasema wameniita jina langu mara nyingi.

"Ulikuwa wapi, bwana?"

"Nilikuwa namsindikiza mtu."

"Naye anasafiri kwenda Edmonton?"

"Hapana. Oslo."

"Sasa ulikuwa unamsindikiza kwenda wapi?"

Nilifungua kinywa kumweleza, nikaona kabisa kwamba Kiingereza changu chote cha miaka ya ualimu hakitoshi. Nikasema samahani. Mwenyewe alijitahidi, akanitafutia njia nyingine: kesho asubuhi, kupitia Toronto, kutua Edmonton Jumamosi mchana. Mchana uleule wa harusi.

Nikampigia Tabitha. Sikujua nianzie wapi. "Mwanangu, ndege imeniacha."

"Imekuachaje, Mjomba? Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasindikiza."

Nikasikia anacheka, halafu nikasikia hacheki tena. "Umemsindikiza nani huko Ulaya, Mjomba? Hata mimi sijafikiwa." Akaniambia kanisa wamepewa muda wao tu, baada yao kuna harusi nyingine, mchungaji wa kule hangoji mtu. "Tutasubiri mpaka itakapowezekana. Mama usimwambie, atapandisha presha."

Niliumia, wazee. Sisemi kwa mapambo. Nilikaa kwenye benchi pale Amsterdam nikaona sura ya Eliza na ile doti ya kanga, na kiapo changu cha mdomo mwepesi. Nilikuwa nimemfikisha bibi wa watu salama salimini, na mtoto wetu wenyewe bado yupo ng'ambo ya bahari anahesabu saa. Nilinunua mkate uliowekwa samaki, nikauuma, samaki hajapikwa. Nikaula hivyohivyo, nikaona ni haki yangu. Baridi ilipozidi nikaifungua ile kanga nikajifunika.

Amsterdam hadi Toronto

Kindege kwenye kioo kilikuwepo, lakini safari hii sikukitazama. Nilikiogopa.

Toronto kuna afisa kijana aliyeuliza swali moja tu la kunichanganya. Nimekuja kwa kazi au kwa starehe?

Nikafikiri kwa uaminifu. Starehe? Mtu aliyelala kwenye benchi, amekula samaki mbichi, na anachelewa kumfikisha bibi harusi, ana starehe gani? Mjomba anapoitwa ana kazi. Kila mmoja wetu anajua hilo. Nikajibu, "Kazi."

Akaacha kuandika. "Kazi gani?"

"Kumfikisha msichana kanisani."

"Nani amekuajiri?"

"Dada yangu."

Nikaombwa nisogee pembeni, kwenye chumba chenye viti vya plastiki. Huku ndiko kuwekwa ndani mlikokusikia. Akaja mama mmoja wa makamo, mkubwa wake, akakaa mbele yangu, akaniuliza upya taratibu. Nikamweleza: baba hayupo, mama mgonjwa wa miguu, mimi ndiye mjomba, harusi ni leo. Alitazama kanga shingoni mwangu, akauliza ni ya nini. Nikasema ni ya mama mtu. Akanitazama kidogo, akapiga muhuri.

"Ukiulizwa tena," akasema, "sema umekuja kutembelea familia. Sasa kimbia."

Mara ya pili kwa siku mbili nakimbia, na mara hii niliiwahi ndege. Sanduku lenye suti halikuiwahi.

Edmonton: uwanjani hadi kanisani

Nje kulikuwa na theluji iliyolundikwa pembeni mwa barabara, chafu kama tope la Dodoma, ila baridi yake haina mfano. Dereva wa teksi alikuwa Mhabeshi. Nilipomwambia mimi ni mjomba wa bibi harusi na harusi imeshaanza, alikanyaga mafuta. Kwao pia mjomba ni mtu.

Nikaingia kanisani na sweta la safari, viatu vimelowa, kanga shingoni. Na nikakuta kile nilichokiogopa. Wameshaanza. Tabitha amesimama mbele ya mchungaji, kando ya Daniel, mgongo wake mweupe kwangu. Alikuwa ameingia peke yake. Kando ya mimbari palikuwa na simu imesimamishwa kwenye kijiti, inarusha harusi mpaka Chang'ombe.

Mama mmoja wa mlangoni akanionyesha kiti cha nyuma kwa kidole, nikae kimya. Nikaanza kukaa. Nadhani mlango ulipiga kelele kujifunga, maana Tabitha aligeuka.

Alimwacha Daniel palepale, akakusanya gauni kwa mikono miwili, akaja. Njia nzima ile, watu wanageuza shingo, mchungaji ameinua kitabu hewani. Akafika kwangu. Macho yamejaa machozi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mwanangu, nimechelewa. Nisamehe."

"Toka nje," akasema.

Nikajua nimefukuzwa, na nikaona nimestahili. Nikatoka. Kumbe naye yupo nyuma yangu. Mlango ukafungwa, tukasimama kwenye ngazi mimi na yeye, mvuke unatoka midomoni. Akapenyeza mkono wake kwenye wangu.

"Sasa tuanze," akasema.

Nikamfunga kanga moja mabegani, nyingine nikabaki nayo. Nilikuwa nalia, na sioni aibu kuwaandikia. Tukasukuma mlango. Mpiga kinanda alitutazama, akamtazama mchungaji, mchungaji akainua mabega, kinanda kikaanza upya tangu mwanzo. Tukatembea. Daniel wa watu alikuwa amesimama palepale tulipomwacha, mikono imemning'inia, anatabasamu bila kujua kwa nini. Nikachukua mkono wa Tabitha nikauweka kwenye wake.

"Nimemfikisha," nikasema kwa Kiswahili, maana ujumbe haukuwa wa wale waliokuwepo.

Kwenye karamu baba yake Daniel alinijia na sahani ya keki. Akaniuliza kwa heshima kubwa kama ndiyo mila ya Tanzania, bibi harusi kuingia kwanza peke yake, kisha kurudi mlangoni kumchukua mjomba.

"Ni mila ya zamani sana," nikamjibu.

Akasema ni nzuri mno, wangeiga. Sikumzuia.

Ndipo Tabitha alipopigiwa simu kutoka nyumbani. Majirani walikuwa wamejaa sebuleni kwa Eliza, wanatazama. Eliza alimwona mwanawe anaingia peke yake. Kabla ya mengine yote akailaza simu kifudifudi, akaingia chumbani, akajifungia. Majirani waliifunua baadaye wakaona yaliyofuata, wakampigia kelele mlangoni. Hakufungua. Alidhani wanambembeleza.

Kurudi

Kurudi sina la kuwasimulia. Nilifika salama na kwa wakati kwa sababu sikumsalimia mtu. Niliketi Amsterdam mbele ya mlango wangu, nimeukodolea macho, na kila bibi aliyepita na kikapu nilitazama juu.

Kikuyu hadi Chang'ombe

Uwanja wa Dodoma ukoo wote ulikuja kunipokea, na kuku walewale wawili. Eliza hakuwepo, na safari hii haikuwa miguu tu. Alikuwa hajapokea simu yangu tangu Jumamosi.

Kesho yake nilichukua bajaji mpaka Chang'ombe. Kwa uzi wangu huo umbali hata haupimiki, lakini ndio ulionitoa jasho. Nikamkuta uani anachambua mchele, ungo magotini. Nikamsalimia. Akaitikia bila kuinua macho. Nikaweka mbele yake kanga moja.

"Nyingine iko wapi?"

"Kwa mwanao. Nilimfunga mabegani."

"Kabla au baada?"

"Dada, si walikutumia picha? Yona kasema iko kwenye simu yako."

"Sijaifungua. Nilishaona kilichoonyeshwa na kioo. Nasubiri mdomo uliokuwepo."

Basi nikakaa kwenye kigoda nikamweleza, kama nilivyowaeleza nyinyi, ila bila kujitetea. Bibi Zaina, maua, nguzo, mlango uliofungwa. Nilipofika kwenye nguzo alifumba macho. "Amosi, Amosi," akasema, "umezaliwa hivyo." Nikamweleza mlango wa kanisa. Mikono yake ikatulia kwenye ungo.

"Alirudi mlangoni?"

"Alirudi."

"Mwenyewe? Hakutumwa na mtu?"

"Mwenyewe. Akanitoa nje, akanishika mkono, tukaanza upya."

"Na yule mwenzie?"

"Alimwacha amesimama na mchungaji, wanaangaliana."

Alianza kucheka kwa mabega, bila sauti, mpaka mchele ukamwagika. Akajipangusa macho kwa ile kanga.

"Basi ulimfikisha," akasema mwishowe.

"Nilimfikisha, dada."

Nikainuka kuaga. Bajaji niliyoipigia simu ilikuwa imeshafika barabarani, inapiga honi. Eliza akaweka ungo chini, akashika ukuta, akasimama.

"Ngoja nikusindikize."

"Dada, miguu yako."

"Ni yangu."

Tukatoka. Alikuwa hajavuka lile geti tangu masika ya mwaka jana. Tulikwenda polepole, ameniegemea, anawasalimia majirani mmoja mmoja, na kila mmoja anamwambia kwamba mjomba alimfikisha. Tukafika barabarani. Nikatazama njia tuliyotoka, nikamtazama yeye na miguu yake, na wala sikujiuliza mara mbili. Nikamgeuza, nikamrudisha.

Mlangoni kwake akavuta pumzi, akanishika mkono tena. "Haya," akasema, "mpaka pale kwenye duka tu."

Yule wa bajaji alipiga honi mara ya mwisho, akaondoka. Sikumkimbilia.